Kutoka Arusha hadi tamasha la katuni Nairobi: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka, wiki chache kabla ya tamasha la katuni la Nairobi, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Tiketi inanunuliwaje? Upanga wa mbao unavuka mpaka? Nisipovaa kama mhusika, nitaonekana mshamba? Wanaouliza ni vijana wa Kijenge, Sakina, Ngarenaro na siku hizi hata wa Moshi, waliokua wakitazama anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye simu na kuchora nyuma ya madaftari ya shule. Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona sare na magauni ya harusi, usiku nashona mavazi ya wahusika. Nimekwenda Nairobi mara nne, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza ujue unakwenda kwenye nini, maana wengi hudhani ni maonyesho ya watu waliovaa ajabu. Tamasha la San Diego, Marekani, lilianza mwaka 1970 hotelini, na wapenzi wa vitabu vya katuni wapatao 300. Leo hupokea zaidi ya watu 100,000. Kule Tokyo, tamasha la vijitabu vya katuni liitwalo Comiket lilianza Desemba 1975 na vikundi 32 tu vya wachoraji waliopanga meza na kuuza vijitabu walivyovichapa wenyewe. Afrika nako yapo: Lagos tangu 2012, Johannesburg tangu 2018, na Nairobi kuna tamasha liitwalo NAICCON. Kwa mtu wa Arusha, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam: kilomita kama 270 dhidi ya 600 na zaidi.

Nimeitaja Tokyo kwa makusudi. Roho ya tamasha ni zile meza za wachoraji. Jukwaa lina taa na kelele, magemu yana foleni, lakini ni mezani unapokutana na mtu aliyechora kitu kwa mkono wake akakaa nacho mbele yako. Mengi ya mwongozo huu nimeyaandika ili ufike kwenye meza zile ukiwa na nguvu, na pesa, na kitu cha kwako cha kuonyesha.

Hatua ya kwanza: tarehe, tiketi, karatasi

Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kijiweni. Fuata kurasa za waandaaji wenyewe mtandaoni na ununue tiketi kwao tu. Tiketi za mapema huwa nafuu kuliko za mlangoni. Kama tamasha ni la siku mbili na mfuko wako ni wa siku moja, angalia ratiba. Anayetaka mashindano ya mavazi achague siku yake. Mimi nikilazimika kuchagua huchukua siku ya pili asubuhi, watu wakiwa bado wachache na wachoraji wana nafasi ya kuongea.

Kwa safari, pasipoti ndiyo bora. Asiye nayo aombe hati ya dharura ya kusafiria pale Uhamiaji. Mtanzania halipi viza kuingia Kenya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na hati yako, maana huulizwa. Aliye chini ya miaka 18 asafiri na mzazi au mlezi, na kama anakwenda na shangazi au kaka, mzazi aandike barua ya ridhaa. Haya yashughulikie mwezi mzima kabla. Nimeshamwacha binamu yangu stendi akilia kwa sababu hati yake ilikuwa bado haijatoka, na vazi lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Hatua ya pili: vazi, kama unataka kuvaa

Si lazima. Watu wengi huja na jinzi na tisheti, na hakuna anayewauliza. Lakini ukitaka kuvaa kama mhusika, yaani kufanya kosplei, neno lililozaliwa Japani miaka ya 1980, anza miezi miwili kabla.

Chagua mhusika kwa kuangalia soko, si kwa kuangalia picha peke yake. Makoti marefu, mablauzi ya kola ndefu, buti, mikanda mipana, vyote hivi vimo kwenye mitumba ya Kilombero na Samunge, na kwa watu wa Moshi kuna Memorial na Kiborloni. Nenda asubuhi siku ya kufungua belo. Koti la mtumba la sufu lililopunguzwa mabega na fundi linazidi koti jipya la kitambaa chepesi, kwa sababu sufu inakaa mwilini kama nguo ya mtu, haipepei kama pazia. Mpelekee fundi picha tatu: mbele, mgongo na ubavu. Ukinipa picha ya mbele tu, mgongo nitaubuni mimi, na huenda usiupende.

Deraya, yaani vazi la kivita la kukinga mwili, ni kazi ya sponji. Nunua ile mikeka minene ya kuchezea watoto, inayoungana pembeni kama meno. Ya milimita 10 inatosha kifua na mabega, mikononi tumia mkeka mwembamba wa mazoezi. Kupata kipimo, mwambie mwenzako akuzungushie nailoni ya kufunikia vyakula kifuani, juu yake abandike seloteipu ya karatasi mpaka pafunikwe pote, kisha achore mistari ya deraya hapohapo mwilini mwako. Kata kwa mkasi ukiwa umesimama wima, tandaza vipande juu ya karatasi, na hapo una mchoro wa kukatia. Sponji ikatwe kwa wembe mpya. Ukiona inachanika kama mkate, badilisha wembe.

Gundi niliifundishwa na fundi viatu mmoja karibu na soko la Kilombero. Nilikuwa napaka na kubandika papo hapo, kila kiungo kinafunguka. Akanitazama kidogo, akasema, "Dada, gamu ikiwa bado inang'aa usiibandike. Iache ife." Alipaka pande zote mbili safu nyembamba, akaweka soli pembeni, akaendelea na kiatu kingine. Baada ya dakika kama kumi akagusa kwa kidole: haikuvuta. Ndipo akabandika, akagonga kwa nyundo, akanipa nivute. Sikuweza kuitenganisha. Paka nje au dirishani, maana moshi wake unapanda kichwani.

Kuipa sponji umbo la bega, ipashe moto kwa drayer ya saluni mpaka ilegee, ikandamize juu ya goti au sufuria, shikilia hadi ipoe. Kisha ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, safu tatu, kila moja ikauke. Hiyo inaziba vitundu ili rangi isinywewe. Rangi ya kupuliza wanayo mafundi rangi wa magari, na wengi watakupulizia wenyewe ukiwakuta hawana kazi.

Jambo moja nakuomba ulishike. Usichanganye sponji hii na ile nyeupe ngumu inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Kofia yangu ya kwanza niliichonga kwa ile nyeupe, nikakesha siku tatu, nikaipulizia rangi ya gari. Ilianza kutoboka mbele ya macho yangu, mashimo yakapanuka, kingo zikajikunja, na kabla sijapata kitambaa cha kufutia shavu zima la kofia lilikuwa limeyeyuka. Kiyeyushi kilichomo kwenye rangi ile hula sponji nyeupe, na gamu ya viatu nayo huila. Kama huna budi kuitumia, ibandike gazeti na uji wa ngano safu kadhaa kwanza, kisha rangi ya maji.

Nywele muachie msusi wako. Rasta za rangi hupatikana kila duka la vipodozi, na anayejua kuchovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke anajua tayari namna ya kuzinyoosha au kuzikunja wigi zima lenye nywele za kutengenezwa. Pasi kavu usiisogeze karibu.

Sasa makatazo, na hapa sina mzaha. Usivae kombati za jeshi zenye mabaka, hata kama mhusika wako ni askari. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa Tanzania na ni kosa Kenya. Shona rangi moja iliyofifia na uweke nembo za kubuni. Silaha zenye makali hazipiti mlangoni. Vijana wengi wa huku hupenda kwenda kama morani, na hilo nalifurahia sana, lakini sime ya kweli ibaki nyumbani. Chonga ya sponji, ala yake ishone kwa ngozi nyekundu, na hata mzee wa Ngaramtoni ataitambua. Rungu nalo liwe la sponji.

Na tukiwa hapo: usidhani lazima uige mhusika wa Japani au Marekani. Mwaka wangu wa tatu nilishona deraya ya sponji nyeusi, nikaizungushia shanga. Mama mmoja wa Kimasai anayeuza shanga alinionyesha kutoboa kwa shazia, ile sindano nene, kwanza, kisha kupitisha uzi wa shanga, fundo kila baada ya shanga tano, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Bega moja lilinichukua usiku sita. Ukumbini Nairobi watu waliniuliza mhusika huyo anatoka hadithi gani. Nikawajibu hadithi yake bado naiandika.

Hatua ya tatu: kitu cha mkono wako

Kama unachora, au unaandika, au hata unapiga picha, usiende mikono mitupu. Kijitabu hakihitaji mtaji. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje katikati mara tatu, ukiifungua una vyumba nane. Ilaze kwa upana. Kwenye mstari mrefu wa katikati, kata urefu wa vyumba viwili vya kati tu, vile vya pembeni viache vimeshikana. Sasa ikunje kwa urefu, shika ncha mbili na uzisukume zikutane: pale ulipokata patafunguka, karatasi itajikusanya kuwa kijitabu cha kurasa nane. Chora jalada, kurasa sita za hadithi, na nyuma jina lako na ukurasa wako wa mtandao. Ukikifungua tena kiko upande mmoja wa karatasi, kwa hiyo steshenari yoyote inakitoa kopi. Toa 30.

Hivi utavigawa au kubadilishana na vya wengine. Ukitaka kuuza, ulizia meza mapema kwa waandaaji, maana hujaa. Kama unavuka mpaka na mzigo wa biashara, ujue kuwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha zilikotengenezwa, kinachokuepusha na ushuru wa forodha. Kiulize kwa maofisa wa forodha palepale Namanga.

Hatua ya nne: kufunga mzigo

Begi linalofaa ni shangazi kaja. Jepesi, pana, linafunguka juu, na deraya inaingia bila kukunjwa. Kila kipande kifungwe kwa kanga au shuka kuukuu. Mifuko ya plastiki usiitumie kabisa: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na mpakani wanaitafuta. Kofia ibebe mapajani, usiiweke juu ya gari wala kwenye buti. Weka kando kopo dogo la gamu, sindano, uzi, pini, seloteipu na mkasi butu. Kitu kitakatika.

Hatua ya tano: njia

Wa Moshi wana kilomita 80 kufika Arusha, kwa hiyo ni bora walale Arusha kwa ndugu. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, siku moja kabla ya tamasha. Ukitaka kusafiri na kuingia ukumbini siku hiyohiyo utafika umechoka na jioni itakuwa imeshakukuta.

Kutoka mjini hadi Namanga ni kilomita kama 110, kupitia Longido. Kuna magari ya moja kwa moja hadi Nairobi, na kuna Noah za Namanga kwa anayebana matumizi, ukifika unavuka kwa miguu na kupanda nyingine ng'ambo. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018, na kimerahisisha mambo: ukienda Kenya unapitiliza hadi jengo la upande wa Kenya, na humohumo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Afisa akikuuliza unakwenda kufanya nini, mwambie tamasha la katuni, mwonyeshe tiketi. Akitaka kuona mzigo, fungua mwenyewe taratibu. Upanga wa sponji ukikunjika mbele yake, maswali huisha.

Pesa badilisha Arusha mjini, benki au duka la fedha, usisubiri wale vijana wa mpakani wenye vibunda mkononi. Noti ya Kenya ya shilingi 1,000 ya muundo wa zamani ilikoma kutumika Septemba 2019, usiipokee. Omba noti ndogo, za 100 na 200, kwani mezani hakuna chenji.

Ukipita Kitengela foleni huanza, na inaweza kula saa nzima au zaidi. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, Arusha mita kama 1,400, na Moshi chini zaidi. Watu wa Moshi, bebeni sweta.

Hatua ya sita: ukumbini

Fika kabla milango haijafunguliwa. Mlangoni mabegi hukaguliwa na silaha za bandia hutazamwa moja moja. Mwaka wangu wa kwanza walinzi walininyang'anya fimbo ya mbao ambayo picha yake nilikuwa nimeituma mapema kwa waandaaji na kukubaliwa. Nilirudishiwa jioni ikiwa imevunjika. Tangu hapo natengeneza kila kitu kwa sponji, na jibu la waandaaji nalipiga chapa natembea nalo.

Ukishaingia, zunguka ukumbi mzima mara moja bila kununua chochote. Angalia meza zote, kumbuka zilizokuvuta, jua vyoo viko wapi na wapi unaweza kukaa. Kisha jiandikishe mashindano ya mavazi kama unashiriki, nafasi huwahiwa. Kunywa maji kila saa. Ndani ya deraya jasho halina pa kutokea, na nimewahi kumpepea mtoto wa watu aliyeanguka kwa sababu hakutaka kuvua kofia.

Sasa nenda mezani. Salimia kwanza. Kiswahili chetu kinapokelewa vizuri sana Nairobi, wengine watakuomba uendelee kuongea tu. Kifungue kitabu kwa mikono safi, soma ukurasa mmoja au miwili, uliza: hii ulichora kwa kalamu au kwenye kompyuta? Ulianzia ukurasa upi? Wakenya wengi wa umri wangu walikua na Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, sisi tulikua na Lodi Lofa na Ndumilakuwili kwenye gazeti la Sani. Taja hilo, na mazungumzo yatajiendesha. Mwambie pia kwamba Gado, mchora katuni ambaye kazi zake walizisoma kwa miaka mingi kwenye gazeti la Nation, ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Nairobi mwaka 1992. Wapo wasiojua.

Na bei ya kwenye kibao ndiyo bei. Hapa si Kilombero. Huyu mtu amelipia meza, amelipia uchapaji, amekesha. Ukimwambia "nipunguzie, mimi natoka mbali" unampa kazi ya kuthaminisha usiku wake mbele ya watu. Kama pesa haitoshi, nunua stika moja na umpe kijitabu chako. Mimi hutenga fungu la meza kabla ya chakula, kwenye bahasha yake, na haliguswi kwa kitu kingine.

Picha ni jambo la hodi. Mtu kuvaa vazi hajakupa ruhusa ya kumpiga wala ya kumshika. Uliza, subiri ajibu, akisema hapana shukuru na upite. Hili nawaambia wavulana kwa namna ya pekee, kwa sababu wasichana ninaowashonea hurudi na hadithi za mikono iliyoshika viuno bila kuombwa. Ukiona mwenzio anafanya hivyo, mkanye hapohapo, na waite wasimamizi. Watoto wapigwe picha mzazi akikubali.

Mazungumzo ya jukwaani ambapo wachoraji hueleza kazi zao mara nyingi hayana watu wengi. Kaa mbele na daftari. Nilichojifunza kuhusu kuandaa kazi kwa mchapaji nilikipata kwenye chumba chenye wasikilizaji tisa.

Hatua ya saba: kurudi

Lala Nairobi tena kama unaweza. Ukiwa garini, andika nyuma ya kila kijitabu ulichopewa: nani, mlizungumza nini, alikuomba nini. Wiki hiyohiyo mwandikie kila mmoja, akiwa bado anakumbuka sura yako, na umwambie ukurasa uliokupendeza katika kazi yake. Kazi mbili za kushona nilizopata Kenya zilianzia kwenye ujumbe wa namna hiyo.

Deraya ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ianikwe kivulini. Usiihifadhi juu ya dari chini ya bati, kwa sababu joto la mchana huilegeza gamu na bega hurudi kuwa bapa. Ijaze magazeti ndani, ikae kwenye shangazi kaja lake chini ya kitanda. Na lile koti la mtumba, litoe vifungo vya mhusika uvitunze kwenye kikopo, urudishie vya kawaida. Julai ya Arusha ina baridi ya kutosha kulivaa kazini.